Anti, mama wa mtoto amenifungia sambusa, nichukue?

Wasomaji wangu, mwezi uliopita niligusia kidogo tu kwamba Waswahili wengi huku Marekani wanaingia kwenye kazi ya kukaa na watoto wenye usonji, basi barua zimekuja mpaka nimeshindwa kuzimaliza. Nimechagua tano. Kwa asiyejua, kazi yenyewe inaitwa teknishani wa tabia, watu wanasema RBT kwa kifupi cha Kiingereza (Registered Behavior Technician), cheti kinatolewa na bodi ya huku Marekani inayoitwa BACB na kimeanza 2014. Teknishani ndo anayekaa na mtoto masaa yote, anafuata mpango ulioandikwa na supavaiza. Mimi nilianza hiyo kazi 2015, nikakaa nayo miaka, sasa hivi nasimamia wengine, kwahiyo najibu kwa niliyoyaona.

*

Anti shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 22 niko Louisville, Kentucky, familia yetu tulitokea kambi ya Nyarugusu. Nilikuwa napanga maboksi usiku, rafiki akanipeleka kliniki ya watoto wenye usonji wakanichukua. Nimemaliza mafunzo ya masaa 40 kwenye kompyuta, bado mtihani. Ila Anti nimejaza maneno kichwani tu, kazi yenyewe siioni. Nikishaingia kwa mtoto naanzia wapi?

Marahaba mwanangu, na hongera. Mtihani usikutishe, ni maswali 85 kwa dakika 90, na kati ya hayo 75 tu ndo yanahesabiwa, ukisoma kwa utulivu wiki tatu nne unapita. Kazi ndo ngumu, na umeuliza swali ambalo wengi hawaulizi.

Siku za kwanza usimfundishe kitu. Kaa chini sakafuni, angalia anapenda nini, kuwa mtu ambaye akija mambo yanakuwa mazuri. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa miaka 4, haongei kabisa, mimi nimeingia na begi limejaa midoli na vitabu, hakugusa hata kimoja. Yeye alikuwa na mifuniko ya sufuria. Anaulaza mmoja sakafuni kwenye vigae, anauzungusha, anaweka shavu chini kusikiliza ule mlio wakati unaishia, tii-tii-titititi, alafu anaanza tena. Siku mbili nzima nimekaa pembeni na mfuniko wangu nazungusha na mimi, sisemi kitu. Siku ya tatu wake ukabingirika chini ya kochi, akaja akachukua mkono wangu akauweka juu ya mfuniko wangu. Hapo ndo masomo yakaanza, maana sasa ana kitu anachokitaka na mimi nakijua. Neno la kwanza tulilofundishana lilikuwa "zungusha", kwa kadi ya picha kwanza, baadae akatoa sauti yenyewe.

La pili ni kuandika, na hapa mwanangu naomba unisikilize sana kwa sababu hapa ndo watu wazuri wanaharibu. Supavaiza wako hayupo pale chumbani, anabadilisha mpango wa mtoto kwa kuangalia ulichoandika wewe. Ukiandika "leo alikuwa mkorofi" hujamwambia kitu. Andika hivi: saa 10:14 nimemwambia aweke gari chini, akajitupa sakafuni akalia dakika 3, nikaondoa kazi mezani, akanyamaza. Kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Mtu akisoma mistari kumi kama hiyo anaona mwenyewe kwamba huyu mtoto kilio kinamtoa kwenye kazi. Maana tabia haiji hivihivi, mara nyingi mtoto anataka umwangalie, au anataka kitu, au anakimbia kitu, au mwili wenyewe tu unasikia raha. Watoto wawili wanaweza kujigonga kichwa ukutani sawasawa kabisa na kila mmoja ana sababu yake, na ukimtibu huyu kwa dawa ya yule unaongeza moto. Anayekimbia kazi tunamfundisha kuomba kupumzika, anainua kadi na anapewa mapumziko yake papo hapo, na kilio kinapungua kwa sababu amepata njia nyepesi zaidi ya kusema kilekile. Hii watafiti wawili, Carr na Durand, waliionyesha tangu 1985 na mpaka leo ndo silaha yangu ya kwanza.

Alafu kuna hili ambalo kwenye yale mafunzo ya kompyuta hutalikuta kwa sababu aliyeyatengeneza hakufikiria mtu wa kwetu. Saa. Sisi kichwani ni saa nne asubuhi, wao ni 10:00. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimechoka nikajaza sesheni nzima kwa saa ya Kiswahili, nimeandika naanza 4:00 wakati mtoto nilikuwa naye saa nne asubuhi, bima ikagoma kulipa, na kibaya zaidi supavaiza akaona kwamba mtoto analia sana jioni akahamisha masomo yake, kumbe mtoto halii jioni kabisa. Mtoto alisumbuliwa ratiba wiki mbili kwa kosa langu. Mpaka leo linaniuma. Angalia saa ya simu, andika ulichokiona kwenye simu, usitafsiri kichwani.

Msaada nao una ugonjwa wake. Unamfundisha kupiga mswaki, umeikata kazi vipande, kushika mswaki, kufungua maji, kulowesha, kuweka dawa, hivo hivo mpaka mwisho. Mwanzo unaweka mkono wako juu ya mkono wake, baadae unashika kiwiko tu, baadae unanyoosha kidole, baadae unakaa kimya. Mateknishani wapya wanabaki kwenye ule mkono miezi kwa sababu kazi inaenda haraka na inapendeza ukiangaliwa, na mtoto anajifunza kwamba mswaki ni kitu kinachokuja na mkono wa mtu mwingine. Toa mkono mapema kama mpango unavyosema, hata akikosea.

Na ukiona tabia fulani inatakiwa isipewe kitu inachotafuta, usianzishe mwenyewe kwa akili yako. Kile kilio ambacho kilikuwa kinampa tableti, ukiacha kumpa, kwanza kinapanda, kinapanda sana, anaweza kuuma, anaweza kurusha vitu, ndo baadae kinashuka. Kama nyumba nzima haijajiandaa, bibi atampa tableti pale kileleni na hapo mmemfundisha mtoto kwamba inabidi apige kelele zaidi ya jana.

*

Habari Anti. Ni mkenya niko Minneapolis, nafanya sesheni nyumbani kwa familia moja, mama wa mtoto ni mtu wa Mombasa kama mimi. Ananiita dada, kila nikitoka ananifungia sambusa, Idd alinipa dola 50 kwenye bahasha. Sasa anataka nimwangalizie mtoto Jumamosi ananilipa keshi, na alinipiga picha na mtoto anataka nipost. Kampuni inasema nisikubali kitu. Nikikataa nitaonekana najiskia. Nifanyeje?

Mdogo wangu, swali lako ndo limenifanya niandike hii safu yote, maana nimeliishi.

Tuanze na lililo wazi. Maadili ya RBT yanasema usitoe wala kupokea zawadi inayozidi dola 10. Ile bahasha ya 50 inabidi irudi, na umwambie supavaiza wako wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Usiirudishe kwa aibu ya kuiweka mezani na kukimbia, kaa chini, ishike kwa mikono miwili, mwambie dada nimeipokea kwa moyo, Mungu akuzidishie, ila kazi yangu ina masharti na nikiyavunja naweza kuondolewa kwa mtoto, na mimi sitaki kuondolewa kwa mtoto. Hiyo sentensi ya mwisho ndo inayofanya kazi. Mama yeyote ataelewa hiyo.

Sambusa ni ngumu zaidi ya pesa, na Wazungu waliokuelekeza hawajui ugumu wake. Kwetu kukataa chakula ni kumkataa mtu, na mama ambaye mtoto wake anaangaliwa vibaya msikitini na kwenye harusi akiona na wewe unamkatalia sahani anaweza kufunga mlango kabisa. Kikombe cha chai siku moja hakizidi dola 10 na hakuna atakayekufukuza kazi, ila soma sera ya kampuni yako maana nyingine ni kali kuliko bodi. Tatizo linakuja ikishakuwa kila siku. Ikishakuwa kila siku unaanza kuwa na deni, na mwenye deni haandiki ukweli. Utaona mama anampa mtoto tableti katikati ya kilio, na hutaiandika kwenye data, kwa sababu juzi umekula pilau yake. Mimi niliacha kuandika vitu viwili vya namna hiyo kwenye nyumba moja, nikijiambia ni vidogo, na mpango wa mtoto ukakwama karibu miezi miwili supavaiza anahangaika kutafuta sababu ambayo mimi nilikuwa naijua.

Kwahiyo lisemwe siku ya kwanza kabla jiko halijawashwa. Kwenye familia mpya mimi naingia, nasalimia, nawaambia: mimi huwa sili kazini, sio kwenu tu, kwa kila mtu, mnisamehe, nitakunywa maji. Likisemwa mapema ni sheria ya kazi, likisemwa baada ya mwezi ni matusi. Wewe umeshachelewa ila bado inawezekana, mwambie kampuni imetukumbusha.

Jumamosi hapana. Huwezi kuwa teknishani Ijumaa na yaya Jumamosi kwenye nyumba moja, ukigombana naye kwa malipo ya yaya nani ataumia Jumatatu? Mwelekeze amuulize supavaiza kuhusu huduma za kumpumzisha mzazi, jimboni kwenu zipo. Na picha hapana, hata ukificha sura, hata mama akikubali, hata status ya masaa 24. Jamii yetu ni ndogo, watu wanalijua zulia, wanalijua pazia.

Na kwa sababu ni ndogo utakutana nao kwenye harusi. Mtu atakuuliza pembeni, hivi yule mtoto wa fulani ana nini hasa? Sema "siwezi kuongelea kazi yangu" na ubadilishe stori. Usiseme hata "ni mtoto mzuri tu", maana tayari umethibitisha kwamba unamjua kwa kazi, na sheria ya faragha ya afya, ile HIPAA ya 1996, inakugusa na wewe pia. Mama mwenyewe akikuuliza kama mwanae atapona, au kama ampeleke kwa shehe fulani, au amwachishe maziwa ya ng'ombe, usijibu kama mtaalamu. Mwambie hilo si langu, nitamuulizia supavaiza, alafu muulizie kweli.

Kuna kitu kimoja ambacho wewe unaweza kukifanya na teknishani mzungu hawezi. Angalia yale maneno mtoto anayofundishwa kuomba. Mara nyingi yote ni Kiingereza, wakati nyumbani bibi anayeshinda naye anajua Kiswahili tu. Mtoto anafundishwa neno moja kwa miezi mitatu, analipata, alafu analisema kwa bibi na bibi haelewi, neno linakufa. Mpelekee supavaiza hoja hiyo kwa maandishi, kwamba familia hii inaongea Kiswahili, naomba neno liwe "maji". Mpango haubadilishi wewe, anabadilisha yeye, ila bila wewe asingejua. Nimeona mtoto wa miaka 6 akimwomba bibi yake maji kwa mara ya kwanza, bibi aliacha bomba linamwagika akakaa chini jikoni.

*

Anti, niko Texas, miezi minne kazini. Supavaiza sijamuona wiki saba. Wiki iliyopita mtoto aliumwa hakuja siku mbili, meneja akaniambia nijaze tu sesheni kama kawaida nisaini, eti ndo wanavyofanya wote. Naogopa kukosa kazi.

Usisaini. Sesheni ambayo haikuwepo ikijazwa kwenye fomu ya bima ni wizi, na kama ni Medicaid, ile bima ya serikali, ni wizi wa pesa ya serikali, na jina lililoko chini ya fomu ni lako, sio la meneja. Siku ya ukaguzi meneja atasema nilimwamini teknishani. Kama una karatasi za uhamiaji zinazoendelea ndo usicheze kabisa.

Alafu fikiria na upande wa mtoto. Ukishajaza data ya uongo ya siku mbili, na ile ya kweli ya siku nyingine haina thamani tena, kwa sababu hakuna anayeweza kuzitofautisha.

Mjibu meneja kwa email, sentensi mbili za adabu: tarehe hizi mtoto hakuja, kwahiyo sitajaza sesheni, naomba mnielekeze namna ya kuandika kutokuwepo kwake. Kuhusu supavaiza, sheria ni asilimia 5 ya masaa yako ya mwezi, yaani ukifanya masaa 80 unatakiwa usimamiwe masaa 4, muonane uso kwa uso angalau mara 2 hata kama ni kwa video, na angalau mara moja akuone ukiwa na mtoto. Chini ya hapo na wewe cheti chako kinavunja masharti, sio yeye tu. Andika tarehe zako zote kwenye daftari lako bila jina la mtoto. Wasipojirekebisha, bodi inapokea malalamiko na unatafuta kazi kwingine, mateknishani wanatafutwa kila kona. Mimi 2016 niliacha kliniki moja kwa jambo kama hili, nilikaa wiki tano bila mshahara, nikala akiba yote ya kodi. Nakwambia ili ujue kwamba najua ninachokuomba.

*

Anti, niko Mombasa, naweza kupata hicho cheti cha RBT nikiwa huku?

Kwa sasa hapana. Tangu 2023 bodi imepunguza nchi inazopokea, zimebaki chache kama Marekani na Canada, Kenya na Tanzania hazimo. Kwahiyo mtu akikuuzia kozi ya masaa 40 huko Mombasa akikuahidi cheti cha RBT mwishoni, mwambie akuonyeshe kimaandishi kutoka bodi, hataweza. Ila ujuzi wenyewe haukatazwi, tafuta shule au kitengo chenye watoto wenye usonji kilicho karibu nawe, omba ukae pembeni ya mwalimu mzoefu, na jifunze kuandika unachokiona.

*

Anti naandika nalia. Mwanangu ana miaka 5, tuko Ohio. Kila teknishani akiingia mlangoni anakimbilia chumbani. Wananiambia nisiingilie. Nimeona mtandaoni watu wazima wenye usonji wanasema hii tiba inawafanya watoto roboti na wao imewaumiza. Nimpeleke au nimtoe?

Pole sana dada yangu. Wale watu wazima usiwapuuze, wanasema walichopitia. Hii kazi ina historia yake. Mtafiti mmoja, Lovaas, kule Los Angeles alipotoa utafiti wake wa tiba hii 1987, watoto 19 walifundishwa kama masaa 40 kwa wiki, 9 wakaishia madarasa ya kawaida, dunia ikashangilia, ila ndani ya ule ule mpango mtoto aliweza kufokewa na hata kupigwa kofi la paja. Hilo halikubaliki tena. Lakini tabia ya kumlazimisha mtoto akuangalie machoni, au kumkataza kupepea mikono wakati hamuumizi mtu, bado naikuta mahali mahali, na nikiikuta naifuta kwenye mpango siku hiyo hiyo.

Mtoto kukimbia chumbani ni maneno. Asiyeongea anasema kwa miguu. Teknishani mzuri akikimbiwa siku tatu mfululizo anasimamisha masomo anarudi sakafuni kuzungusha mifuniko, na anamwandikia supavaiza kwamba mtoto ananikimbia. Kama hawajafanya hivyo, kuna kitu hakijaenda sawa, na wewe kama mzazi una haki ya kuingilia, chumba ni chako na mtoto ni wako.

Kwahiyo kabla hujamtoa, omba kikao wiki hii. Waambie unataka kukaa ndani ya sesheni nzima ukiangalia. Waulize lengo la kila somo ni nini na linamsaidia nini yeye, sio majirani. Waulize akisema hapana, kwa mdomo au kwa mwili, wanafanyaje. Omba kuona data ya wiki nne zilizopita na utafute mahali palipoandikwa kwamba anakimbia. Kama kila siku anakimbia na kwenye karatasi zao hakuna mstari hata mmoja unaosema hivyo, mtoe, alafu niandikie tena nikusaidie kujua maswali ya kuuliza kliniki nyingine.